Naomba ushauri: chama cha wapiga besi kinamfaa aliye Zanzibar?

Assalaam alaykum wakuu. Napiga besi kubwa ya kusimama kwenye kikundi cha taarab hapa Unguja, na jioni nafundisha vijana watatu kwa zamu, besi ni hiyo hiyo moja. Tatizo ni mkono wa kushoto. Nilijifunza kwa kuwaangalia wazee, naikaba shingo ya besi kama nanyonga kuku. Nyimbo mbili tu kidole gumba kinakufa ganzi. Sasa na vijana wameanza kukaba vilevile.

Nimeangalia video, kila mwalimu ana lake. Nikashusha nyuzi kidogo, zikaanza kugonga ubao. Mwenzangu akanitajia International Society of Bassists, chama cha wapiga besi alichokianzisha Gary Karr, mpiga besi wa Marekani, mwaka 1967. Mkutano wao hufanyika Marekani kila baada ya miaka miwili. Huko siendi, nauli yake ni besi nyingine.

Aliyejiunga bila kwenda mkutanoni, je, alipata mwalimu wa kumsahihisha kwa video, au aliambulia jarida tu? Na gumba likae nyuma ya kidole kipi?