NCAA wamebadili sheria ya hoki mechi ikiendelea, waliotii sheria ya zamani ndo wametoswa

Wakuu habari za humu,

Mods naomba huu uzi msiuunganishe na zile nyuzi za maisha ya Kanada, utazama hata kabla watu hawajausoma. Najua wengi humu hoki ya barafu mnaipita tu kwenye tivii mkitafuta mpira, ila huku Alberta tupo wazazi wa Kiswahili ambao watoto wetu wamekulia kwenye huu mchezo, na kuna jambo tumefanyiwa na NCAA, wale wanaosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, ambalo kila nikilifikiria napandwa na hasira upya.

Kwa asiyejua, kijana wa huku akifika miaka 15, 16 alikuwa na njia mbili na lazima achague moja. Ya kwanza ni ligi kubwa za junia zinazoitwa CHL, yaani WHL huku magharibi, OHL ya Ontario na QMJHL ya upande wa Quebec. Ya pili ni Junior A, ngazi moja chini ya CHL, kwetu ligi yake ni AJHL, jirani zetu British Columbia wana BCHL, au unavuka mpaka unaenda kucheza USHL kule Marekani, halafu unavumilia mpaka chuo cha Marekani kikuchukue na skolashipu. Na hapakuwa na kuchanganya, ukigusa CHL hata kwa mechi moja ya kirafiki NCAA walikuhesabu profesheno, basi chuo cha Marekani divisheni ya kwanza ushaaga. Profesheno wa nini sasa, mtoto wa miaka 16 anapewa hela ya kujikimu isiyozidi dola 600 kwa mwezi, alafu kwa vile mle ndani kuna wachache walioshasaini na timu za NHL, ile ligi kuu ya kulipwa, basi wote wakawa profesheno. Ndo sheria ilivyokuwa kwa miongo na miongo na sisi hatukuitunga, tuliikuta.

Na tuliifuata jamani. Dogo wangu ni wa 2005, timu moja ya WHL ilimchagua kwenye drafti yao, wakamwita kambi ya majaribio. Timu iliruhusiwa kumgharamia saa 48 tu, zikizidi chuo kinaweza kuja kumkataa, basi mimi kwa uoga nikaona bora nilipe kila kitu mwenyewe, hoteli, mafuta, chakula, na risiti zote nikazitia kwenye bahasha ya kaki nikaandika jina lake juu, eti siku NCAA wakiuliza nina ushahidi. Siku ya pili jioni wenzake wanavaa jezi za mechi ya ndani, yeye namtoa. Begi la vifaa limeloa, glavu zinanuka gari zima, mtoto kageukia dirishani hataki kuongea na mimi mpaka tunafika Red Deer. Nikamwambia baba vumilia, chuo kwanza.

Ile bahasha bado ninayo, saivi haina kazi hata ya kuwashia moto.

Sasa sikilizeni tulichokikataa pale. WHL kwa kila msimu unaocheza wanakuwekea mwaka mmoja wa ada na vitabu kwenye chuo cha huku. Cheza misimu minne, miaka minne ya chuo imelipwa. Tulikataa, tukaenda Junior A ambako ada ya msimu tunalipa sisi, kuishi kwa familia mwenyeji tunalipa sisi, fimbo zikivunjika tunalipa sisi, na fimbo moja nzuri ya hoki ukisikia bei yake utadhani umenunua simu. Tulifanya hivyo kwa sababu kila skauti, kila kocha, kila mshauri wa familia (hawa washauri nao ni mawakala tu waliovaa koti lingine) alikuwa anatupigia mfano wa Cale Makar. Mtoto wa Calgary, akacheza Brooks Bandits kwenye hiihii AJHL, akaenda chuo cha UMass Marekani, 2019 akabeba tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, kisha akawa nyota wa Colorado Avalanche kwenye NHL. Mfano ni wa kweli kabisa, sibishi. Ila ulitufanya tuuze nafasi ya mkononi kwa ahadi ya mbele.

Basi Agosti 2024 kijana mmoja wa Fort Erie, Ontario, akawashtaki NCAA na vyuo kadhaa mahakamani Buffalo, kosa lake lote alicheza mechi mbili za maandalizi na Windsor Spitfires ya OHL akiwa na miaka 16 na vyuo vyote vikamfungia mlango. Mimi huyo dogo namuunga mkono mia kwa mia, sheria ilikuwa ya kijinga tangu siku ya kwanza. NCAA walivyoona kesi inakuja kuwala wakakaa kikao, Novemba 7, 2024 wakapiga kura, kwamba kuanzia Agosti 1, 2025 mchezaji wa CHL ruksa kucheza divisheni ya kwanza ilimradi hakulipwa zaidi ya gharama zake halali. Miezi tisa hata haifiki! Watu walijenga maisha ya mtoto kwa miaka mitano juu ya sheria yako, wewe unaibadili kwa miezi isiyotimia tisa alafu huweki hata mstari mmoja wa kuwalinda waliokuwa tayari njiani. Hapo ndo pananiuma. Kufuta sheria mbovu sawa, lakini mzigo wa kuifuta unamtwisha nani?

Nijibu mwenyewe, umetwishwa mtoto wa miaka 19, 20 wa Junior A.

Dogo wangu chuo kimoja cha kule kilimpa nafasi akiwa na 18. Jina la chuo siweki. Ilikuwa ahadi ya mdomo kama ilivyo kawaida kwenye hoki, hakuna mnachosaini wakati huo, mnapeana mikono, mtoto anaposti picha na nembo ya chuo, bibi yake Tanga anapigiwa simu, basi. Aanze masomo mwaka 2025. Mwezi wa tano 2025 kocha msaidizi anapiga, sauti tamu hiyo, anaulizia mama hajambo, alafu anaingia kwenye shughuli yake: kikosi kimebana, rudi Junior A mwaka mmoja zaidi ukue, nafasi yako ipo palepale. Dogo akarudi, tukalipa tena. Mwezi wa kumi na moja simu nyingine, safari hii fupi, kikosi cha mwaka ujao kimejaa, tunakutakia kila la heri. Msimu huu ndo wa mwisho kwake kwenye junia, akiumaliza umri umekwisha. Yaani kaambiwa asubiri mpaka mlango mwingine nao ufungwe. Kwa lugha ya kijiweni, kapigwa chini na nauli akajilipia mwenyewe.

Na kikosi kimejazwa na nani? Pigeni hesabu wenyewe. Kila timu ya CHL inaruhusiwa wachezaji watatu tu wa miaka 20. Kwa hiyo kila mwaka vijana kibao wa miaka 19 wanakosa pa kukaa, zamani wengi walikuwa wanaishia vyuo vya hukuhuku Kanada kwa ile skolashipu yao, sasa hivi wote wanatazama Marekani. Timu za divisheni ya kwanza ni 60 na kitu tu. Tena makubaliano ya House, ile kesi kubwa ya wanamichezo wa vyuo kudai malipo, jaji kayapitisha mwezi wa sita 2025, yameweka ukomo wa wachezaji 26 kwa kikosi cha hoki kwa vyuo vilivyojiunga nayo, alafu toka 2024 mwanafunzi anahama chuo mara anazotaka ilimradi masomo yake yako sawa. Kocha wewe ungekuwa unafanyaje? Unachukua beki wa miaka 21 aliyehama chuo kingine, au fowadi aliyecheza misimu mitatu WHL, yule wa Junior A unamwambia akue kwanza.

Habari kwenye magazeti ni Gavin McKenna tu. Pointi 129 kwa mechi 56 akiwa na Medicine Hat Tigers, kabeba na ubingwa wa WHL 2025, Julai akatangaza anaenda chuo cha Penn State, ikaripotiwa dau ni kama dola laki 7. Safi, kipaji chake ale. Porter Martone naye Michigan State, Keaton Verhoeff North Dakota, sawa, hao wa CHL hata sheria isingebadilika NHL wangefika tu. Ila kwa kila nyota mmoja mnayemuona akipiga picha na jezi mpya kuna mtoto mwingine kasukumwa ngazi moja chini, na huyo aliyesukumwa anamsukuma mwingine, mpaka huku chini kabisa kwenye timu za miji midogo ambako duka la kahawa linadhamini ratiba ya mechi.

Ligi zenyewe nazo zinakimbiana. Hii AJHL yetu ilishavuja Januari 2024 timu tano zilipohamia BCHL, Brooks wakiwemo, wakidhani ndo wanapanda juu. Haujapita muda sheria ikabadilika, Penticton Vees mabingwa wa BCHL 2022 na 2023 wakabeba virago wakaingia WHL msimu wa 2025-26, Chilliwack nayo inapewa timu ya WHL kwa msimu unaofuata. Kwani BCHL walikuwa wanauza nini? Walikuwa wanauza njia ya chuo. Sasa njia hiyohiyo iko WHL, bure, na skolashipu ya akiba juu. Mzazi gani mwenye akili leo anampeleka mtoto wa miaka 16 kwingine kama WHL wanamtaka? Hata timu za USHL zilikuwa zinakaa na watoto bora wa Marekani kwa sababu hiyohiyo moja.

Najua atakuja mtu hapa aniambie "mkuu ushindani umepanda, dogo akaze". Dogo amekaza. Kashindana kwa masharti aliyopewa akiwa na miaka 15, wenzake wamepewa masharti mengine akiwa na 19. Angeenda WHL siku ile angekuwa na miaka ya chuo iliyolipwa huku NA nafasi ya kwenda Marekani. Aliyeipuuza NCAA akaenda CHL ana vyote viwili, aliyeitii sheria yao hana hata kimoja, alafu nisikilize habari za kukaza?

Wanaokimbia riadha kutoka kwetu na Kenya wanaweza kunicheka kidogo na wana haki, maana kwao NCAA ukimaliza sekondari unapewa mwaka mmoja tu kabla ya kuanza chuo, ukiendelea kushindana baada ya hapo misimu yako inakatwa, wakati watoto wa hoki waliachiwa mpaka miaka 21. Lakini hata hilo nalo mezani halina amani, umezuka mjadala huko NCAA wa kumpa kila mtu miaka mitano tu ya kuchezea chuo, na saa ianze kugonga ukimaliza sekondari au ukifika umri fulani. Ikipita hivyo ile miaka miwili mitatu ya junia baada ya sekondari itakuwa inaliwa humohumo. Wenye watoto wa 2009, 2010 msikimbilie kulipa ada za Junior A kwa ajili ya chuo kabla hilo halijaeleweka, na kocha akikwambia "nafasi yako ipo" mwambie aiandike, iwe na kiasi cha skolashipu na mwaka wa kuanza. Akianza kuuma maneno ushajua.

Sasa swali langu kwa walioko huku. Dogo amebakiwa na U Sports, yaani ligi za vyuo vikuu vya Kanada, au vyuo vidogo vya ACAC hapahapa Alberta, na U Sports vikosi vyao vilikuwa vya wahitimu wa CHL karibu watupu, ila hao si ndo wameelekea Marekani, kwa hiyo labda kuna upenyo. Nani kijana wake kaingia U Sports akitokea Junior A? Alianza kuwasiliana na makocha mwezi gani, na hela ya masomo walimpa kiasi gani? Njooni hapa au PM, ila washauri wa familia msinitafute.