Acheni kutumia wanariadha wenye ulemavu kutufokea makazini

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo naandika.

Kila semina ya uongozi siku hizi lazima iwe na picha ya mwanariadha asiye na miguu akivuka mstari wa mwisho. Msemaji anaiacha ukutani kidogo, kisha anatugeukia: "Huyu ameweza, wewe mzima una kisingizio gani?" Makofi. Kesho yake mwenzetu anaomba ruhusa ya kwenda kliniki, bosi anamjibu kwamba hapa hatutaki visingizio. Yaani hilo ndilo somo mlilolipia?

Kazini kwetu walimleta mwanamichezo mwenyewe. Ukumbi uko ghorofa ya pili na lifti haifanyi kazi. Walinzi wawili wakambeba pamoja na kiti mwendo chake, mmoja kashikilia gurudumu ambalo lilikuwa linamponyoka, mgeni kang'ang'ania pembeni mwa kiti, shati limempanda hadi mgongoni, na watu kwenye ngazi wametoa simu wanapiga picha. Alipofika juu akatambulishwa kuwa ni mtu aliyeshinda vikwazo vyote. Zile ngazi nani alimwekea? Si sisi tuliomwalika? Hakuna aliyemwomba radhi.

Tanni Grey-Thompson, mwanariadha mstaafu anayetumia kiti mwendo, ana medali 11 za dhahabu za Paralimpiki, ile michezo ya dunia ya watu wenye ulemavu, na anakaa kwenye bunge la juu la Uingereza. Agosti 2024 treni yake ilifika London, aliyetakiwa kuja kumsaidia kushuka hakutokea, ikabidi ajikokote mwenyewe hadi nje. Alikuwa njiani kwenda kwenye Paralimpiki ya Paris. Niambieni, huyo alipungukiwa ujasiri gani? Kilichokosekana ni mfanyakazi na ubao wa kushushia kiti. Kuhakikisha vipo ni kazi ya kiongozi, na hiyo ndiyo mnayoikwepa mkituhubiria moyo wa chuma.

Na masomo yapo, tena mazito. Angalieni raga ya viti mwendo. Kila mchezaji hupewa pointi kulingana na uwezo wa mwili wake, kuanzia 0.5 kwa mwenye uwezo mdogo zaidi hadi 3.5, na wanne walioko uwanjani kwa kawaida jumla yao haitakiwi kuzidi 8. Kocha akiingiza wawili wa 3.5, amebakiwa na pointi moja tu ya kugawa kwa wawili waliosalia. Kwa hiyo hana ujanja, lazima ajue yule wa 0.5 anaweza nini: anakiingiza kiti chake njiani, anamziba mpinzani mwenye kasi, mwenzake anapita na mpira. Meneja gani mnayemjua anapanga timu yake hivyo? Wengi mwenye ulemavu wanamficha kwenye kazi ya jina tu, halafu wanashangaa kwa nini hachangii kitu.

Au mbio za wasioona, ambako mkimbiaji na mwongozaji wake wanashikana kwa kamba fupi. Sydney mwaka 2000, mwongozaji wa Henry Wanyoike wa Kenya aliishiwa nguvu, Wanyoike akamvuta hadi mwisho na kuchukua dhahabu ya mita 5,000. Paris 2024, Elena Congost wa Hispania alikuwa wa tatu kwenye marathoni, amebakiza mita chache, mwongozaji wake akabanwa na misuli. Congost akaachia kamba kidogo amdake asianguke. Kanuni haikuruhusu, wakamfuta kwenye matokeo siku ile ile. Sijawahi kusikia semina inayomtaja, kwa sababu habari yake haimsaidii bosi kumfokea mtu.

Wanaoandaa hizi semina najua mnapita humu. Kabla ya kumwalika mtu, mpigieni mumuulize anaingiaje ukumbini na anahitaji choo cha aina gani. Mlipeni kama wasemaji wengine. Na akishika kipaza sauti, mwacheni aeleze kazi yake: kanuni, mazoezi, kocha, ugomvi wa bajeti. Ajali yake si lazima muisikie.

Kama kuna mdau ambaye kazini kwao uongozi ulibanwa mpaka ukarekebisha lifti, aandike hapa walianzia wapi. Sisi barua zetu hazijibiwi.