Naomba ushauri: dashibodi ya kuchambua maandishi inawachanganya watumiaji

Ndugu wanajamvi, nawasalimu kwa heshima kutoka Tanga.

Nimetengeneza dashibodi (kurasa za kidijitali zinazoonyesha data kwa muhtasari) ya kuchambua mahojiano ya wavuvi na wachuuzi wa samaki wa huku kwetu, ili walimu na maofisa uvuvi waone maneno yanayojitokeza mara nyingi, kisha wabofye neno na kusoma sentensi lilimotumika. Kuna vichujio vya mtaa, mwezi na aina ya chombo. Tatizo ni kwamba watumiaji, ambao wengi wanatumia simu, huishia kwenye wingu la maneno (picha ambamo neno linalojirudia zaidi huandikwa kwa herufi kubwa zaidi) la ukurasa wa kwanza. Mmoja alichagua "ngalawa" kwenye kichujio, akasahau kukiondoa, akadhani mahojiano mengine yote yamefutika. Jambo hili linanisikitisha, kwa sababu kauli za wavuvi wenyewe ndizo zenye thamani, na hazisomwi.

Nimejaribu kufuata kanuni ya mtaalamu wa kompyuta Ben Shneiderman ya mwaka 1996, yaani picha ya jumla kwanza, kukuza na kuchuja, kisha undani kwa anayeuhitaji, na wingu la maneno nimelibadilisha kuwa grafu ya mihimili, ambayo kwa maoni yangu inasomeka vizuri zaidi. Vichujio, hata hivyo, bado vinawapotosha.

Naomba kuuliza: kwenye kioo kidogo cha simu, vichujio vilivyowashwa vionyeshwe wapi ili mtu asivisahau? Na je, "wamevua", "tulivua" na "huvua" niyahesabu pamoja tangu mwanzo, au nimwachie mtumiaji achague?

Natanguliza shukrani.