Nimeletewa karatasi ya mwaka 1937 yenye habari za dhahabu, naomba mnisaidie kuisoma

Vipuri Kiboriloni (Moshi)

Wakuu, habari za jioni. Nina duka la vipuri vya bodaboda hapa Kiboriloni, madini nayajua kwa kuyaona shingoni mwa watu tu. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, yuko Shelui kule Iramba, ameingia kwenye duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, na wenzake wanne. Wako futi 60. Anataka niweke milioni sita za kompresa, pampu ya maji na dizeli ili washuke mpaka futi 100, anasema mali yenyewe iko huko chini.

Nilimwambia shemeji, maneno matupu hayanunui kompresa. Ndipo akanitumia picha ya karatasi waliyopewa na mzee wa kijiji. Imepigwa taipu, Kiingereza cha mkoloni, mwaka 1937, kona ya chini kulia imekunjwa. Nilichoambulia ni mkanda wa jiwe jeupe, upana inchi 22, na mbele yake "14 dwt". Shemeji anasema maana yake ni gramu 14 kila mfuko. Nikachukua kikokotoo cha dukani nikazidisha kwa bei ya sasa. Wakuu, niliona ghorofa kabisa! Halafu nikajiuliza, kama ni hivyo, wale waliokuwa na mashine na bunduki waliondoka wakaiacha kwa nini?

Anasema pia miaka ya tisini kuna kampuni ilikuja kuchoronga, yaani kutoboa mwamba kwa mashine, hapo kilimani, mabomba waliyoyaacha kwenye matundu bado yapo.

Hiyo dwt ni nini? Na karatasi ya miaka yote hiyo ina thamani gani leo?

Mangi Mtoro

Dada yangu, milioni sita nunua ng'ombe wa maziwa ulale usingizi. Halafu tunahangaikia Singida ya nini? Babu yangu Rombo alikuwa akisema dhahabu iko chini ya mlima huu huu wetu.

Dereva wa Kati

Nimepandisha Mlima Sekenke na lori miaka kumi na moja, nikishuka nakula Shelui. Watu waliopata nimewaona, na waliouza mpaka baiskeli nimewaona. Dada, kwanza dai namba ya leseni. Leseni ya mchimbaji mdogo ni ya Mtanzania, haizidi hekta 10, na ni ya miaka 7. Usije ukachimbia shamba la mtu.

Mzee Sampuli (Sakina, Arusha)

Nimestaafu, ninafuga kuku, na kuku hawaniulizi habari za miamba, kwa hiyo nitaandika kwa kirefu. Kazi yangu ilikuwa kuchukua sampuli. Kampuni zinakuja na kuondoka, mimi nabaki na nyundo yangu.

Mangi, babu yako alisimulia vizuri lakini mlima si wenyewe. Kilimanjaro ni volkano changa, haijafika hata miaka milioni 3. Miamba ya Sekenke na Iramba ni ya zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ni volkano nayo, ila ya zamani hizo, ikazungukwa na granaiti, ikakandamizwa mpaka ikapata rangi ya kijani. Ilipopasuka, maji ya moto kutoka chini yakapita kwenye nyufa, yakaacha jiwe jeupe, na humo ndani dhahabu kidogo. Huo ndio mkanda wa shemeji yako. Kwa sababu ulijaza ufa, tabia yake ni ya ufa: hapa unavimba kama chatu aliyemeza mbuzi, hatua ishirini mbele umesinyaa kama kamba ya kiatu.

Mama wa vipuri, dwt si gramu. Ni kipimo cha Kiingereza cha kupimia dhahabu, 20 zinafanya wakia moja, kila moja ni gramu 1.555. Na si kwa mfuko, ni kwa tani. Tani yenyewe, kama ni ile ya Kiingereza ya ratili 2,240, basi dwt moja ni kama gramu 1.53 kwa tani yetu hii ya kilo 1,000. Kwa hiyo 14 zako ni gramu 21 na kidogo kwa tani. Si haba hata kidogo.

Ila hiyo ni tani ya jiwe jeupe tupu. Inchi 22 ni sentimita 56. Vijana wa shemeji hawawezi kujipenyeza kwenye sentimita 56 na mtaimbo, watavunja angalau mita 1.2, yaani zaidi ya nusu ni mwamba wa pembeni usio na kitu. Gramu 21 inashuka mpaka 10. Mfuko wa kilo 50, mifuko 20 ndiyo tani. Nusu gramu kwa mfuko, na hiyo ni kama umeitoa yote. Kwa karasha, ile mashine ya kusaga mawe, na zebaki mara nyingi hata nusu yake haitoki, nyingine inaondoka na marudio, yale makapi ya mchanga.

Sasa upande wa pili wa karatasi. Nani alichukua hizo sampuli, na alizichukua wapi? Nikiwa kijana nilitumwa kwenye mtaro mmoja, jiwe jeupe katikati, kingo laini kama chokaa. Jiwe linatoa cheche, mkono unauma, jua la saa saba. Nikagonga pale palipokuwa na kutu nyekundu, panapovunjika kirahisi, nikajaza mfuko. Mjiolojia akaja, akaumwaga mfuko wote chini mbele ya wenzangu. Akatandika turubai, akachora mistari miwili ya chaki kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, upana wa kiganja, akasema kila kilichomo kati ya mistari kitoke kwa kina kilekile, kigumu na kilaini. Ilinichukua mpaka magharibi. Ile kutu ni mahali ambapo madini yenye salfa yameoza na kuacha dhahabu huru, kwa hiyo mfuko wangu wa kwanza ungesoma juu sana na kumdanganya kila mtu, mimi wa kwanza. Tangu siku hiyo nikiona namba moja nzuri kwenye karatasi huwa natafuta wenzake wabaya. Hapo kwako sijawaona.

Swali lako la waliondoka kwa nini ndilo nimelipenda. Wajerumani walichimba Sekenke kabla ya vita ya 1914. Vitani walipozingirwa wakakosa fedha, wakatengeneza sarafu ya dhahabu ya rupia 15 pale Tabora mwaka 1916, ina tembo ameinua mkonga, nyuma yake milima. Dhahabu ilitoka huko huko Sekenke. Akaja Mwingereza. Mwaka 1934 Marekani ikapandisha bei ya wakia kutoka dola 20.67 hadi 35, na vilima ambavyo havikulipa vikaanza kulipa. Karatasi yako ya 1937 ni ya msimu huo, watu wameshika darubini na matumaini. Lakini ile 35 iligandishwa mpaka 1971. Mishahara inapanda, mafuta yanapanda, bei imekaa. Hata mgodi wa Geita ulifungwa 1966. Kwa hiyo wapo walioondoka kwa bei, na kilima cha namna hiyo leo ni mali. Na wapo walioondoka kwa sababu mkanda uliwafia. Usipojua yupi ni yupi, usitoe hata senti.

Hao wa miaka ya tisini wasikutishe wala wasikufurahishe. Kampuni kubwa inatafuta mamilioni ya wakia, mkanda wa nusu mita inauruka kama wewe unavyoruka dimbwi. Na bei ilishuka mno mwishoni mwa miaka hiyo, hata wenye mkanda mzuri walifunga mahema. Mwambie shemeji aende kwenye yale mabomba, kila moja lina kizibo cha saruji na namba. Apige picha namba na upande bomba lilikoinamia. Ripoti za zamani na ramani ziko Dodoma, kwenye Taasisi ya Jiolojia, GST. Nauli ya basi ni rahisi kuliko kompresa.

Na tafadhali, kona iliyokunjwa ikunjuliwe.

Vipuri Kiboriloni

Shikamoo mzee. Nimesoma mara mbili, mara ya pili kwa mume wangu, kwa sauti. Amenyamaza. Leseni ipo, namba nimepewa, tumeihakiki na inasoma jina la mwenye kilima. Mabomba ameyakuta matatu, la nne limeng'olewa, mtu kalifanya nguzo ya zizi. Kuhusu kona anasema karatasi ni ya zamani itachanika.

Mzee Sampuli (Sakina, Arusha)

Marahaba mama. Mwambie aweke kitambaa chenye unyevu juu yake kwa dakika tano, halafu aikunjue taratibu kwa ncha ya kisu. Nimekunjua nyingi.

Mangi Mtoro

Nangoja kona hii kuliko fainali.

Vipuri Kiboriloni

Imekunjuka. Amenitumia saa nne usiku bila hata salamu. Nimeichapa nilivyoelewa: handaki la pili, futi 100 chini, wamelifuata futi 60 kuelekea kusini. Mkanda inchi 4 hadi 9. Dwt 3 kushuka chini. Kazi imesimamishwa. Halafu kuna mstari wa kalamu ya risasi, hafifu: kaskazini, futi 300, mtaro haujachimbwa.

Mzee, nimejaribu hesabu yako kwenye kikokotoo kilekile. Nikipata gramu 0.9 kwa tani, nimekosea wapi?

Mzee Sampuli (Sakina, Arusha)

Hujakosea popote. Inchi 9 ni sentimita 23, dwt 3 ni gramu 4.6, ukivunja mita 1.2 inabaki 0.9, na hiyo umechukua namba kubwa kuliko zote walizoandika. Mifuko 20 kwa gramu isiyotimia, kabla ya dizeli. Na kwa futi 100 huenda wameshapita ile kutu, wako kwenye mwamba mgumu wa kijivu wenye vile vitu vinavyong'aa kama shaba. Humo dhahabu imefungwa ndani ya salfa, zebaki haiigusi.

Shemeji si mwongo, nadhani. Aliona 14 akaacha kusoma, kama mimi na ule ukingo mwekundu. Ila milioni sita zako zinanunua kushuka mahali ambapo mtu wa 1937 alishashuka, akaangalia, akaandika, akarudi juu.

Kinachoninyima usingizi ni huo mstari wa kalamu ya risasi. Mtu aliyesimamisha kazi bado aliona kitu kaskazini. Mkanda ukisinyaa kusini unaweza kuvimba upande mwingine, si lazima. Mtaro wa mita 20, kina cha kifua, ukikata mkanda kwa kukingama, vijana watano wiki moja, hauhitaji kompresa. Sampuli tano au sita za kilo tatu tatu, wachukue kati ya mistari miwili ya chaki, zipelekwe maabara zikapimwe kwa moto. Akitaka nimwelekeze kwa simu nitamwelekeza.

Vipuri Kiboriloni

Nimemtumia laki tatu na nusu za mtaro. Na boksi la chaki, nimelipakia kwenye basi la Singida asubuhi hii.