Tupeane uzoefu: umewahi kukutana na mtoto mkimbizi aliyepotezana na wazazi? Ulifanyaje?

Wakuu, habari za jioni. Naanza mimi.

Nauza chai na chapati stendi ya mabasi ya Nyegezi, Mwanza. Mwaka jana alfajiri basi la Kigoma lilishusha abiria, wote wakatawanyika, akabaki mvulana wa miaka kama tisa anaota moto kwenye jiko langu. Namuuliza jina, kimya. Nampa chai, kakishika kikombe kwa mikono miwili, hanywi. Nikahisi ni Mrundi, nikamwita mpakia mizigo mmoja, Muha wa Kasulu, maana Kiha na Kirundi vinasikilizana. Alipomwambia "mwakeye" tu, mtoto akaangua kilio. Hata hivyo chai hakuigusa mpaka Muha alipoionja kwanza.

Walitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma. Mama yake alishushwa kwenye kizuizi kwa kukosa kibali cha kutoka kambini, mtoto akiwa amelala siti ya nyuma.

Hapo stendi kila mtu ana lake. "Mchukue akusaidie kuosha vyombo." "Achana naye, utajiingiza matatani." Kusema kweli nilitaka kumpeleka kwangu. Kilichonizuia ni wazo moja: mama yake atamtafutia wapi? Nikafunga biashara, nikampeleka polisi, dawati la jinsia na watoto, wakamwita afisa ustawi wa jamii. Wiki ya tatu nikapigiwa simu. Mama kapatikana.

Mzee wa Ngara:
Umefanya la maana sana, mama. Aprili 1994 nilikuwa Ngara Wanyarwanda waliokimbia mauaji ya kimbari walipovuka daraja la mpakani la Rusumo, watu kama robo milioni ndani ya siku moja. Watoto walipotea mikononi mwa wazazi wao pale pale darajani. Baadaye kambini niliona wazazi wamesimama mbele ya picha za watoto zilizobandikwa, wanapitisha kidole sura moja moja. Mtoto uliyemficha ndani kwa huruma hawezi kuonekana kwenye picha zile. Ndiyo maana napenda aandikwe kwanza, malezi yafuate.

Binti Mabatini:
Naomba ushauri. Jirani yangu ana binti wa Kikongo, hazidi miaka 13. Anachota maji, analea, shule haendi. Naogopa nikisema atarudishwa kwenye vita.

Mzee wa Ngara:
Binti yangu, Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 5, inakataza kumbagua mtoto kwa sababu ni mkimbizi. Piga 116, simu ya mtoto, ni bure. Usianzie kwa jirani, atamhamisha usiku.

Mama Chapati (mleta mada):
Mdogo wangu, mimi afisa ustawi niliyemwona mwaka jana bado nina namba yake. Uko Mabatini sehemu gani? Kesho saa nne nikimaliza chapati nakufuata, twende wote.