Timu ikihama mtaa, shabiki naye avuke?

Swali hili lina wiki mbili likizunguka baraza za Langoni, mtaa wetu hapa mji wa Lamu, au Amu tunavyouita, na kila tukilianza kahawa inapoa. Timu yetu ya mtaa, jina sitalitaja, wenyewe mnaijua, imehamishiwa Mokowe, ng'ambo ya maji. Mfadhili anayelipia jezi, mipira na nauli za ugenini ameamua mechi zote za nyumbani zichezwe bara. Uwanja wa huko ni mpana, anasema, na timu za Mpeketoni na Witu zinashukia garini pale pale bila kupanda boti. Jina limebaki, rangi ni zile zile, hata kipa hajabadilika. Ila sisi tuko kisiwani.

Jumamosi nilivuka kwenda kuwaona. Boti ilikawia kujaa, nikakalia gunia la vitunguu la mtu, na tulipofika kipindi cha kwanza kilikuwa kimekwisha. Watu wa Langoni tulikuwa tisa, niliwahesabu. Tukaanza wimbo wetu, ule wa kuwataja watu wa mtaa mmoja mmoja, muuza mahamri, fundi seremala, mzee wa punda. Tulipofika kwa mzee wa punda sauti zikatufa. Tunamwimbia nani, na mwenyewe yuko zake Amu amelala? Kurudi, magharibi imeshaingia, boti ya abiria hakuna, tukachangishana kukodi nyingine kwa bei ambayo mke wangu hataijua.

Basi msimamo wangu ni huu: sivuki tena. Mzee mmoja barazani kwetu alisema kwa Kiamu chake, "Timu ni ya mui," yaani ya mji, na mimi niko naye. Wimbledon ya London iliifunga Liverpool 1-0 katika fainali ya Kombe la FA mwaka 1988. Mei 2002 ikaruhusiwa kuhamia Milton Keynes, kilomita tisini hivi kutoka kwao. Mashabiki wakakataa kufuata. Waliunda klabu yao, AFC Wimbledon, wakawaita vijana kwenye uwanda wa umma wajaribiwe, wakaanzia daraja la tisa, huko wanakocheza mafundi bomba na walimu. Mwaka 2011 walikuwa wamepanda hadi daraja la nne, na Novemba 2020 wakafungua uwanja wao Plough Lane, mtaa ule ule waliotolewa. Iliyohama ikabadili jina ikawa MK Dons, na mwaka 2007 ikarudisha makombe ya zamani yakae kwa wenyewe.

Anayenipinga aje hapa chini kwenye maoni.

Mkomani Damu
Kumbe siku hizi jirani zetu wa Langoni hamna timu? Alhamdulillahi.

Kijana wa Mokowe
Shikamoo mzee. Mnatutaja "bara" utadhani ni Marekani. Katika timu hiyo sisi wa huku tuko watano. Miaka minne tumekuwa tukivuka kuja mazoezini kwenu na kurudi usiku tumelowa, na nauli tunajilipia. Mechi ya Ramadhani mwaka juzi nilifuturu katikati ya maji, tende tatu na chupa ya maji, mawimbi yananipiga mgongoni. Hakuna aliyefungua mjadala. Nyinyi mmevuka Jumamosi moja tu, mmeshachoka.

Halafu huo "mui" unaishia wapi? Kwenye jeti ya boti? Mama yangu ni wa Langoni, baba wa mji wa Hindi, huku huku bara. Mimi niimbiwe wapi?

Baharia
Mimi nasema wavuke kila wiki. Sisi wenye boti tutawaombea dua.

Jirani Anayekujua
Ami, nakuheshimu, lakini leo sikuachi. Wewe si Arsenal? Si ndiwe uliyelia barazani, tena kwa sauti, msimu ule mlipoongoza ligi mwezi baada ya mwezi kisha Manchester City wakaja kuwapokonya? Haya, sikiliza historia ya timu yako. Arsenal ilizaliwa mwaka 1886 Woolwich, kusini ya mto Thames, na wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha serikali. Ndiyo maana ya ule mzinga kifuani mwako. Ikafilisika, Henry Norris akaichukua mwaka 1910, akaona Woolwich watu hawaji uwanjani, na mwaka 1913 akaivusha mto akaipeleka Highbury, kaskazini ya London, mlangoni kwa Tottenham. Baadaye hata neno Woolwich wakalitupa.

Kwa hivyo timu unayoililia ilihama kwa sababu ya pesa, kwa amri ya mwenye mali, na ilivuka maji. Unaishabikia kutoka Langoni, na uwanja wake hujawahi kuukanyaga. Lakini Mokowe ni mbali!

Mkomani Damu
Hahaha! Mleteeni maji.

Niko Mombasa, Moyo Amu
Mmecheka vya kutosha, sasa niwaulize la maana. Ihefu ya Mbarali, mkoa wa Mbeya, Tanzania, mnaikumbuka? Novemba 2022 iliifunga Yanga 2-1 ikakata mbio za mechi 49 za ligi bila kufungwa. Mwaka 2024 timu ile ikahamishiwa Singida na kuitwa Singida Black Stars. Mtu wa Ubaruku, kule Mbarali ilikokuwa ikichezea, aliyeshangilia siku ile, leo ushindi ule ni wake au ni wa Singida? Mimi sijali wachezaji wanalala wapi. Nauliza kumbukumbu ni ya nani.

Kule Marekani waliligusa suala hili. Mwenye Cleveland Browns, timu ya ule mpira wa Kimarekani, alipoipeleka timu Baltimore mwaka 1996, mji ulipigana hadi ukabakishiwa jina, rangi na rekodi zote. Wachezaji walikwenda wakaitwa Ravens. Mwaka 1999 Cleveland wakaunda timu mpya, wakaivika jina lile lile la zamani. Sisemi ni dawa, maana hiyo Browns mpya imefungwa sana. Lakini hakuna aliyewaambia kwamba wao si wao.

Mwenye mada
Nimesoma yote, na Jirani umenipiga penyewe. Habari ya Woolwich niliijua. Nilikuwa nimeiweka mahali pasipoonekana. Ukweli ni kwamba mimi ni mjukuu wa waliofaidika na kule kuhama. Aliyeachwa Woolwich mwaka 1913 hakuwahi kukaa barazani kwangu anieleze ilivyomuuma, ndiyo maana naipenda Arsenal bila dhambi. Labda kuna mtoto Mokowe sasa hivi ataipenda timu yetu hivyo hivyo, na miaka hamsini ijayo sisi tutakuwa ndio Woolwich.

Kijana wa Mokowe, kwako naomba radhi. Zile nauli sikuwahi kuzifikiria hata siku moja, na ulipokuwa ukifuturu baharini mimi nilikuwa nyumbani na sambusa. Uwanja chezeeni, ni haki yenu, na ukifunga nitafurahi. Ila kuvuka kila Jumamosi siwezi, na anayeniambia kwamba kwa hilo mimi si shabiki bado nampinga.

Ninalong'ang'ania sasa ni moja, na ni la huyo wa Mombasa: jina. Timu ijiite Mokowe, ichukue jezi mpya, iende kwa heri. Letu lirudi hapa, hata kama litavaliwa na watoto wa madrasa wanaocheza pwani maji yakitoka. Mfadhili hakulinunua. Alinunua mipira.

Na kombe je? Kombe la mwaka ule tuliowatoa Shela kwa penalti limo kwenye kabati la kinyozi wetu. Mkono mmoja umepinda, na ndani mna nyembe na vifungo vya shati. Jana mjumbe wa mfadhili alivuka kuja kulichukua, wapige nalo picha uwanja mpya. Kinyozi akamkaribisha kiti, akamwagizia kahawa na kashata, wakaulizana habari za nyumbani, kisha akamwambia kwa masikitiko kwamba ufunguo wa kabati umepotea tangu Maulidi.

Nilikuwa kwenye kiti nikinyolewa. Ufunguo ulikuwa unaning'inia shingoni mwake, kila akiinama unanigusa sikio.