Martinianus: kwanini Licinius alimpa mtu uaugusto (cheo cha mfalme mkuu wa Roma) wakati vita inamwendea vibaya?

mleta mada:
Wakuu habari zenu, naomba wenye uelewa wa historia ya Roma mnisaidie hapa. Nasoma vita ya Constantine (mtawala wa magharibi) na Licinius (mtawala wa mashariki) ya mwaka 324 nimekutana na huyu Martinianus. Jamaa kapewa cheo mwezi wa 7, mwezi wa 9 hana tena. Sasa Licinius katoka kupigwa Adrianople tarehe 3/7, badala ya kukusanya jeshi anaanza kugawa ufalme? Tena kwa mkuu wa maofisa wa ikulu. Faida yake siioni kabisa. Na mbona wengine wanamwita Kaisari (mfalme mdogo), wengine Augusto (mfalme mkuu)?

jibu 1:
Mkuu, pale hakugawa ufalme, alikuwa anamfuta Constantine. Ukitangaza Augusto mpya wakati mwenzako wa magharibi bado yupo hai maana yake umeshamvua, kiti chake umempa mtu mwingine. Kiuhalisia Martinianus hakutawala hata kijiji kimoja huko magharibi.

Halafu chukua ramani uangalie maji. Licinius alikuwa Byzantium (Istanbul ya leo) kazingirwa, meli zake zikapigwa Hellespont (mlango bahari wa Dardanelles) na Crispus mtoto wa Constantine, basi akavuka kwenda Chalcedon upande wa Asia, sasa adui anaweza kumfuata kwa kupitia Bosporus (mlango bahari wa pale Byzantium) au kupitia Hellespont na yeye hawezi kukaa kote kuwili, ndo akampeleka Martinianus Lampsacus alinde ule upande wa Hellespont. Mtu unayemwachia jeshi peke yake kipindi kile unataka askari wamtii kama wewe, na unataka asiwe na njia ya kuhamia kwa adui. Akishavaa zambarau, rangi ya wafalme, hawezi kurudi nyuma. Kwa mtazamo wangu hiyo ndo sababu kubwa kuliko zote.

jibu 2:
Naongezea kwa mkuu hapo juu, Licinius hii kitu alishaifanya kabla. Mwaka 316 baada ya kupigwa Cibalae alimchukua Valens, kamanda wa mpakani huko Dacia, akampa cheo hichohicho. Constantine alikasirika sana, Mestrianus, mjumbe wa Licinius, alipotumwa kuomba amani akaambiwa huyo Valens ni mtumwa tu na lazima aondoke kwanza. Amani ikapatikana tarehe 1/3/317, Valens akavuliwa na kuuawa. Yani Martinianus alikuwa anajua kabisa aliyemtangulia kaishia wapi, na bado akakubali, au hakuwa na namna ya kukataa. Mi huwa namwonea huruma kwa kweli.

jibu 3:
Kuhusu Kaisari na Augusto, sarafu ndo zinamaliza ubishi. Waandishi wa zamani wanasema Kaisari lakini sarafu zake zilizopigwa Nicomedia na Cyzicus zimeandikwa AVG (kifupi cha Augusto), na huyo Valens wa mwanzo nae hivohivo. Mwandishi anaandika miaka mingi baadae, wakati mshindi keshasema yake, sarafu imetoka siku zilezile. Nyuma ya hizo za Martinianus kuna Jupiter, mungu mlinzi wa Licinius. Ni adimu sana maana muda wenyewe ulikuwa miezi miwili na kitu.

mleta mada:
Asanteni sana wakuu, sasa nimeelewa. Mwisho wake ukoje? Nimeona sehemu alisamehewa.

jibu 1:
Constantine hakupita Hellespont, alivuka Bosporus na boti nyepesi akashukia karibu na mdomo wa Bahari Nyeusi, Licinius akamwita Martinianus arudi haraka kutoka Lampsacus. Tarehe 18/9 wakapigwa Chrysopolis, jirani na Chalcedon. Constantia, mke wa Licinius na dada yake Constantine, akaenda kwa kaka yake kumwombea mumewe, Licinius akapelekwa Thesalonike na mwaka uliofuata akauawa hukohuko. Kwa Martinianus vyanzo vinapishana: Zosimus anasema alikabidhiwa kwa walinzi auawe hapohapo, mwingine anasema aliachwa hai kwanza akaja kuuawa Cappadocia. Mi nakubaliana na huyu wa pili, anataja hata mahali alipouawa.